PlayStation ya Ulaya ishushwe bei

Tarehe 21 Novemba 2025 maduka ya Japani yalianza kuuza PlayStation 5 kwa yen 55,000, kodi ikiwa humo humo. Ni ile isiyo na sehemu ya kuwekea diski. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hizo, hizo ni kama euro 305. Wakati huo huo, mzazi wa Berlin, Paris au Madrid aliyeitafuta mashine ya aina hiyo alikuta bei rasmi ni euro 500 kasoro senti moja. Ofa za Black Friday zilikuwepo, lakini hizo huja na kuondoka. Bei rasmi haikuguswa.

Hiyo ya Japani ina masharti mawili. Maandishi yake ni ya Kijapani peke yake, na inakubali akaunti iliyosajiliwa Japani tu. Michezo inayocheza ni ile ile. Sony iliitengeneza kwa sababu wateja wa nyumbani kwao walikuwa wanapungua, yen imeporomoka, na toleo la kawaida la yen 72,980 lilikuwa limewashinda vijana wengi. Kampuni ikaona inapoteza soko, ikashusha bei. Hapo ndipo maelezo kwamba bei ya Ulaya haina pa kushukia yanapoanza kupwaya.

Ulaya yenyewe ilipata nini katika miaka mitano ya mashine hii? PlayStation 5 iliingia huko tarehe 19 Novemba 2020 kwa bei mbili: euro 500 kwa yenye sehemu ya diski, na euro 400 kwa isiyo nayo. Agosti 2022 zote mbili zikapanda kwa euro 50. Aprili 2025 ile isiyo na diski ikapandishwa tena, ikafika euro 500. Kwa hiyo mtu aliyeingia dukani mwaka wa tano alilipa kwa mashine pungufu pesa ile ile ambayo jirani yake alilipa siku ya kwanza kwa mashine kamili.

Jambo hili ni geni katika biashara ya gemu. Tangu PlayStation ya kwanza ilipofika Uingereza Septemba 1995 kwa pauni 299, kanuni ilijulikana hata na watoto wa shule: ukikosa mwaka huu, ngoja mwakani. PlayStation 2 iliingia Uingereza Novemba 2000 kwa pauni 299, na kabla mwaka haujaisha, Septemba 2001, ikawa pauni 199. Baadaye chipu zake mbili kuu ziliunganishwa zikawa moja, boksi likawa jembamba, umeme ukapungua, na bei ikafuata. Mashine hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 160 duniani. PlayStation 4 nayo ilianza Ulaya kwa euro 400 Novemba 2013, na Septemba 2016 ikatoka nyembamba kwa euro 300. Aliyesubiri alifaidi, na familia nyingi za kipato cha kawaida ziliingia kwenye gemu kwa mlango huo wa mwaka wa tatu au wa nne.

Lakini historia hiyo isisomwe kana kwamba bei hushuka yenyewe kama tunda bivu. Ukiangalia tarehe kwa makini, kila punguzo kubwa la Ulaya lina mtu nyuma yake aliyebanwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Xbox ya kwanza. Microsoft iliiingiza Ulaya tarehe 14 Machi 2002 kwa euro 479, na pauni 299 Uingereza. Ilikuwa mashine yenye nguvu kuliko PlayStation 2, ina diski kuu ndani yake na tundu la kuunganishia mtandao, na wakubwa wa Microsoft waliamini mnunuzi ataona thamani yake. Mnunuzi aliona PlayStation 2 rafu ya pili ikiwa na michezo mingi na bei ya pauni 199. Xbox zikabaki madukani. Nintendo nayo ilikuwa njiani na GameCube yake. Tarehe 26 Aprili, wiki sita tu baada ya uzinduzi, Microsoft ikashusha bei hadi euro 299 na pauni 199. Nintendo, iliyokuwa imepanga kuuza GameCube kwa euro 249, ikaipunguza kabla hata haijafika madukani. Tarehe 3 Mei iliingia kwa euro 199. Katika majuma machache mashine mbili zilishuka, na hakuna kiwanda kilichogundua njia mpya ya kutengeneza chipu katika muda huo. Kilichobadilika ni woga wa muuzaji. Waliokuwa wamenunua Xbox mapema walipewa michezo miwili na padi moja ya kuchezea kama kifuta machozi.

Miaka mitano baadaye ilikuwa zamu ya Sony, na safari hii Ulaya ilizungushwa. PlayStation 3 ilichelewa kufika huko hadi tarehe 23 Machi 2007, miezi minne baada ya Marekani na Japani, kwa euro 599, pauni 425 Uingereza. Julai mwaka huo Marekani ikapunguziwa dola 100. Wateja wa Ulaya wakangoja zamu yao. Walichopata ni kifurushi: bei ile ile ya euro 599, ila ndani ya boksi kuna michezo miwili na padi ya pili. Kwa mtu mwenye euro 500 mfukoni, zawadi hiyo haikumsogeza hata hatua moja. Alihitaji boksi la bei ndogo, si boksi lililojazwa. Ilibidi ifike Oktoba ndipo Sony ilipotoa mashine ya euro 399, nayo ilikuwa imenyofolewa uwezo wa kucheza michezo ya PlayStation 2. Wakati huo Xbox 360 ilikuwa ikiuzwa kwa kasi na Nintendo Wii haikupatikana madukani kwa jinsi ilivyogombewa. Sony ilisukumwa ukutani, ikashuka.

Mwaka 2011 Nintendo ilipoona mashine yake ya mkononi, 3DS, haitoki, ilikata theluthi ya bei karibu miezi mitano tu baada ya uzinduzi, na mkuu wa kampuni, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara wake kwa muda. Mashine ikainuka. Uamuzi ule uliuma, lakini uliheshimu mnunuzi.

Sasa nani anaisukuma Sony ukutani Ulaya? Jibu la kusikitisha ni kwamba karibu hakuna. Xbox Series X, iliyozinduliwa siku tisa kabla ya PlayStation 5 kwa bei ile ile ya euro 500, ilipandishwa hadi euro 550 mwaka 2023 na euro 600 Mei 2025. Ndogo yake, Series S, ilitoka euro 300 hadi 350. Na Microsoft haipigani tena kama zamani: Aprili 2025 mchezo wake wa magari, Forza Horizon 5, uliofunguliwa kwanza kwa wateja wa Xbox na kompyuta, ulianza kuuzwa kwenye PlayStation 5. Kampuni inayompelekea mpinzani wake michezo yake mikubwa haina sababu ya kumpiga kwa bei ya mashine. Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025 kwa euro 470, ina wateja wake na njia yake. Soko lililokuwa uwanja wa vita limekuwa mtaa wa wapangaji watatu, kila mmoja na chumba chake.

Sony ina utetezi wake, na haki inataka usikilizwe. Ilipopandisha bei mwaka 2022 na 2025 ilitaja mfumuko wa bei na kuyumba kwa sarafu. Mwaka 2022 maelezo hayo yalikuwa na uzito: euro ilikuwa imeanguka ikalingana na dola, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 20, na chipu hulipiwa kwa dola. Ni kweli pia kwamba kupunguza ukubwa wa chipu hakuleti tena unafuu uleule wa enzi za PlayStation 2. Viwanda vya kisasa ni ghali mno. Na mwishoni mwa mwaka 2025 bei za chipu za kumbukumbu zilianza kupaa, kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazikomba kwa wingi. Kuna kodi vilevile. Mjerumani anayelipa euro 500 anaiachia serikali yake karibu euro 80 za VAT, na Mhungaria anakatwa asilimia 27. Mmarekani anasoma bei dukani kabla kodi haijaongezwa. Ukiondoa kodi pande zote mbili, Ulaya na Marekani hazipishani sana.

Hata hivyo utetezi huo hauvuki mitihani miwili.

Wa kwanza ni wa sarafu. Euro 400 za Novemba 2020 zilikuwa kama dola 475. Euro 500 za Novemba 2025 zilikuwa zaidi ya dola 570. Maana yake, hata tukihesabu kwa fedha ile ile inayolipia chipu, mteja wa Ulaya alikuwa anatoa karibu dola 100 zaidi kwa mashine iliyozeeka miaka mitano. Anguko la euro la mwaka 2022 lilitumika kupandishia bei. Euro ilipoinuka, bei haikushuka nayo, na Aprili 2025, euro ikiwa tayari imepata nguvu dhidi ya dola, bei ikapandishwa tena. Sababu inayofanya kazi kwa kwenda juu tu haistahili kuitwa sababu.

Wa pili ni ule wa Japani. Ondoa kodi ya asilimia 10 kwenye yen 55,000, unabaki na yen 50,000, kama euro 277. Ondoa VAT ya Ujerumani kwenye euro 500, unabaki na 420. Zaidi ya euro 140 zilitenganisha wateja wawili wa kampuni moja. Inawezekana Sony haipati faida kwenye mashine ya Japani. Pengine inapata hasara kabisa. Lakini hiyo ndiyo biashara ya gemu ilivyo tangu zamani: mashine huuzwa kwa faida ndogo au hasara, na pesa hupatikana kwenye michezo, ada za kila mwezi na kamisheni. Mwaka 2022 kesi ilifunguliwa London katika mahakama ya rufaa za ushindani, kwa niaba ya mamilioni ya wachezaji wa Uingereza, ikilalamikia kamisheni ya asilimia 30 ambayo Sony hutoza kwenye michezo inayouzwa katika duka lake la mtandaoni. Mwenye mashine isiyo na diski, asiponunua kifaa cha kusomea diski, hana duka jingine la kwenda. Hawezi kununua diski iliyotumika kwa euro 15, hawezi kuazima kwa binamu, wala hawezi kuuza mchezo aliouchoka. Mteja wa namna hiyo ana thamani kwa kampuni miaka yote atakayokuwa na mashine, na kumtoza zaidi mlangoni ni kumtoza mara mbili.

Kuna jambo dogo la Aprili 2025 linaloonyesha fikra za muuzaji kuliko taarifa yoyote kwa vyombo vya habari. Siku ile ile mashine isiyo na diski ilipopandishwa kwa euro 50, kifaa cha kusomea diski kinachouzwa peke yake kilishushwa kutoka euro 120 hadi 80. Ukikinunua, unabandua kifuniko cha ubavuni, unakichomeka mpaka kilie, unarudisha kifuniko kipana zaidi, kisha unaiunganisha mashine na intaneti ili kifaa kisajiliwe. Bila usajili huo hakisomi diski hata moja. Jumla yake mwaka huo, mashine na kifaa, ilikuwa euro 580. Mashine iliyokuja na kifaa hicho tangu kiwandani ilikuwa euro 550. Punguzo lilikuwepo, lakini lilielekezwa mahali ambapo mnunuzi angeishia kutoa zaidi.

Halafu vuli ya mwaka huo ikaja na toleo jipya la Ulaya la mashine isiyo na diski. Bei ilikuwa ile ile ya euro 500. Nafasi ya kuhifadhia michezo ilitoka terabaiti moja ikarudi gigabaiti 825. Kwa kuwa michezo mikubwa ya siku hizi inakula gigabaiti 100 au zaidi, hiyo ni nafasi ya mchezo mmoja mzima iliyoondolewa kimya kimya. Muuza sukari akipunguza gramu kwenye pakiti bila kugusa bei, akina mama wa sokoni wanamjua mara moja. Mashine ya gemu inastahili jicho lile lile.

Ulaya ina silaha ambazo wateja wa mabara mengine hawana, na ingefaa zitumike. Oktoba 2002 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Nintendo faini ya euro milioni 149, na pamoja na wasambazaji wake jumla ilifika karibu milioni 168, kwa kosa la kuzuia bidhaa zisitoke nchi za bei nafuu kwenda nchi za bei ghali katika miaka ya 1990. Mashine na michezo ya Uingereza ilikuwa nafuu mno kuliko ya Ujerumani na Uholanzi, na wafanyabiashara waliojaribu kuivusha walinyimwa mzigo. Mahakama ilipunguza faini ya Nintendo mwaka 2009 hadi milioni 119 na ushei, lakini kosa lenyewe lilithibitishwa. Kilichofanywa wakati ule kwa kuwakatia wasambazaji mzigo, leo kinafanywa kwa programu: lugha inafungwa, akaunti inafungwa, na mashine ya yen 55,000 haimfai mtu wa Lyon hata akiinunua Tokyo mwenyewe. Sheria ya Ulaya haifiki Japani, na Sony haijavunja sheria hiyo hapo. Ila ukuta ni ukuta, na unajengwa kwa sababu bei za pande mbili haziwezi kutetewa zikikutana.

Silaha nyingine iko kwenye lebo ya bei. Tangu tarehe 28 Mei 2022, muuzaji katika nchi za Umoja wa Ulaya anayetangaza punguzo analazimika kuonyesha bei ya chini kabisa aliyouza bidhaa hiyo katika siku 30 zilizotangulia. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya duka la Aldi iliyohusu ndizi na mananasi, ilisema asilimia ya punguzo lazima ihesabiwe kutoka bei hiyo, si kutoka bei ya juu anayoichagua muuzaji. Kwa hiyo pale ambapo maandishi mekundu ya Novemba yanasema mashine imepungua euro 100, kuna mstari mdogo chini yake. Mstari huo ndio wa kusomwa kwanza. Ofa hiyo ya Black Friday, kwa mashine iliyopandishwa euro 50 mwezi wa nne, nusu yake ni kumrudishia mnunuzi kile kilichochukuliwa, na kwa wiki moja au mbili tu.

Habari hii inawafikia watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala kwa njia iliyo wazi. PlayStation nyingi zinazochezewa mpira wa kwenye skrini katika vibanda vya mitaani, ambako vijana hulipa kwa mechi, ziliwahi kuwa sebuleni kwa mtu mwingine. Nyingine zimetoka kwenye sanduku la shangazi aliyerudi likizo kutoka Birmingham. Plagi ya Uingereza ina pini tatu zile zile za Tanzania, Kenya na Uganda. Bei ya iliyotumika hufuata bei ya mpya. Mpya ikigoma kushuka Manchester, ya mkono wa pili haishuki huko, na ikifika Kariakoo imeshabeba nauli na ushuru juu ya bei iliyokuwa imevimba tangu ilikotoka. Mwenye kibanda anayetaka kuachana na PlayStation 3 yake iliyochoka anauona mzigo huo kabla hajaufahamu.

Sony si kampuni iliyo taabani. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, kitengo chake cha gemu kilipata faida ya uendeshaji ya zaidi ya yen bilioni 400. Kufikia mwisho wa Septemba 2025 ilikuwa imesambaza PlayStation 5 milioni 84.2. Uwezo upo, na Japani umeonyeshwa hadharani.

Kinachotakiwa ni kidogo na kinapimika. Mashine isiyo na diski irudi euro 400 iliyoanza nayo mwaka 2020, na yenye diski irudi 500. Irudi kwa bei rasmi, ya mwaka mzima, siyo kwa kifurushi cha michezo miwili wala kwa wiki ya Novemba. Mashirika ya kutetea walaji ya Ulaya yanayofuatilia bei za simu na tiketi za ndege yaiweke mashine ya gemu kwenye orodha yao, na yaidai Sony hesabu ya euro na dola ya mwaka 2022 na ya 2025 kwa mkupuo mmoja.

Na wewe uliyemwagiza ndugu yako wa Hamburg au Leeds akuletee mashine: mwambie asikimbilie ile isiyo na diski kwa kuwa imeandikwa bei ndogo. Alipe euro 50 za ziada achukue yenye diski, ambayo michezo yake utaweza kuiazima, kuibadilisha na kuiuza hapa nyumbani. Na kama aliyo nayo sasa bado inawaka, mwambie asubiri. Rafu zilizojaa ndizo zilizomshusha Microsoft mwaka 2002, na ndizo zitakazomshusha Sony.